Nusu ya Filamu

Parvin alivaa nguo yake ya posa Jumatatu asubuhi, na mpaka Jumatano adhuhuri alikuwa hajapigwa picha, kwa sababu hakuwa ametokea mwanamume wa kumalizia filamu.

Ilikuwa mwaka wa 1943. Filamu zilikuja Mombasa kwa meli, na meli mwaka ule zilikuwa na mambo mengine ya kushughulikia. Zile chache zilizofika zilichukuliwa na jeshi, na zilizoponyoka jeshini ziliuzwa kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Wapiga picha wengine walifunga studio zao wakaenda kuuza mafuta ya taa. Nuruddin, aliyekuwa na studio Ndia Kuu, hakufunga. Yeye alikuwa amepata hila, na hila yenyewe ilikuwa pazia.

Kamera yake ilikuwa sanduku kubwa la mbao juu ya miguu mitatu, na kila picha ilikula filamu moja, kipande bapa cha ukubwa wa kiganja. Nuruddin alikaa akawaza kwamba mtu mmoja aliyeketi kitini hujaza nusu tu ya filamu, na nusu nyingine ni ukuta. Kwa nini aupige picha ukuta, na ukuta haulipi? Basi akatundika shuka nyeupe kutoka ukutani kuja mbele, moja kwa moja hadi karibu na kamera, studio ikagawika pande mbili. Wanaume waliingia kwa mlango wa barabarani wakakaa kushoto. Wanawake waliingia kwa mlango wa kichochoroni wakakaa kulia. Hakuna aliyemwona mwenzake. Wanawake wa Mji wa Kale walimsifu kwa adabu yake, maana studio nyingine hazikuwatilia pazia. Hawakujua kwamba jicho la kamera, pale mwisho wa shuka, lilikuwa likiwaona wote wawili, na kwamba Nuruddin aliposema "Tulia, usipumue!" walikuwa wakitulia watu wawili kwa amri moja. Baadaye mkasi ulipita katikati ya karatasi. Kila mmoja alipewa nusu yake, na kila mmoja alilipa shilingi tatu nzima.

"Babake Parvin," alisema mkewe Amtulla siku hiyo ya Jumatano, "mtoto yumo ndani ya hariri siku ya tatu leo. Jasho litamaliza rangi. Mpige picha yake, yaishe."

"Nimpige peke yake? Na upande wa pili nimpige nani, shetani?"

"Upande wa pili uwe mtupu! Huyu ni binti yako, si mteja."

"Ndilo tatizo lenyewe. Mteja angelipa."

"Na akija huyo mwanamume, utamweka mwanao ubavuni mwa mtu asiyemjua?"

"Pana pazia."

"Pazia laona nini, nawe? Kamera ndiyo yaona."

"Kamera haina ulimi, mamake Parvin," alisema Nuruddin, akatoka kwenda kusimama mlangoni kuangalia kama kuna mwanamume yeyote anayepita na uso wa kutaka picha.

Parvin aliyasikia yote hayo akiwa amekaa wima kwenye kiti cha kulia, asiegemee ili nguo isikunjike. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Posa yake ya kwanza ilivunjika kwa sababu ya sukari: baba yake aliwapa wageni chai ya mkandaa isiyo na sukari, akawaambia kwamba madaktari wa Bombay wamegundua sukari inaharibu macho. Sasa ilikuwa imekuja ya pili. Kijana aliitwa Kasam, alikuwa Kisumu akisimamia duka la mjomba wake, na alikuwa ameomba picha. Parvin aliitaka ndoa hiyo, wala hakuona haya kumwambia mama yake. Alikuwa amechoka kuishi nyumba ambayo kibiriti kilipasuliwa njiti kwa wembe ili njiti moja iwashe mara mbili.

Saa nane mchana Mungu akamleta Kitsao. Alikuwa kuli wa bandarini Kilindini, mtu wa Kaloleni, mrefu, mpole, na shati lake jipya lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Alitaka picha ya kumpelekea mkewe Sidi, aone kwamba mumewe yu mzima na hajakonda. Nuruddin alimpokea kama jamaa aliyerudi kutoka Hija. Alimvuta hadi kiti cha kushoto, akamnyoosha kola, akamwambia aweke mkono gotini. Halafu akajifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, akawaona wote wawili kichwa chini miguu juu kwenye kioo, na shuka katikati yao ikionekana nyembamba kama uzi.

"Tulia," alisema. "Usipumue!"

Upande huu wa pazia alitulia Kitsao, akimfikiria mkewe. Upande ule alitulia Parvin, akiifikiria Kisumu. Filamu ikajaa, na Nuruddin akamshukuru Mola wake.

Kabla ya kukata, Nuruddin alikuwa na desturi ya kutoa picha moja nzima ya kujaribu, apate kujua mkasi upite wapi. Siku hiyo dawa ya kuoshea ilikuwa imeshaosha picha za mwezi mzima, na picha ya kujaribu ikatoka na doa la manjano kwenye pembe. Haikufaa kuuzwa. Mtu mwingine angeitupa, lakini Nuruddin hakuwa mtu mwingine. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo alivyoamini tangu utotoni, na kibaba chake hakikuwahi kujaa.

Picha ya mteja ilihitaji karatasi ngumu nyuma yake ili isikunjike ndani ya bahasha, na karatasi ngumu ilikuwa senti kumi dukani. Nuruddin hakuona sababu ya kuzitoa senti kumi hizo. Picha zake mbovu zilikuwa ngumu vya kutosha. Basi aliichukua nusu safi ya Kitsao, akaikunja mara mbili ile nzima yenye doa, uso kwa ndani, akaibandika nyuma yake kwa uji wa unga, akazitia zote bahashani. Nani ataangalia karatasi ya nyuma? Mtu anunuaye mandazi hasomi gazeti alilofungiwa.

Bahasha ile ikasafiri hadi Kaloleni mfukoni mwa dereva wa lori la makaa.

Wiki sita zikapita. Jibu la Kisumu likarudi, nalo lilikuwa zuri: Kasam ameiweka picha juu ya sanduku la pesa, na mama yake, Firoza, aliyekaa Kuze, atakuja Ijumaa alasiri kumvika Parvin pete. Harusi ingefuata mwezi ujao.

Amtulla hakulala kwa furaha. Alificha ratili nne za sukari chini ya kitanda, mahali ambapo mumewe hakuweza kuzifikia bila kuumia mgongo. Ijumaa wageni walikaribishwa studio, maana ndicho chumba pekee kilichokuwa na viti vya maana. Firoza alikaa mbele ya ukuta uliochorwa kasri na bata wawili weupe, pamoja na jamaa zake wawili wanene waliokuja kwa ajili ya kula na kutazama. Shuka ilikuwa imevutwa pembeni. Parvin alikaa mbele yao na hariri ileile, ameinamisha kichwa. Chai ilikuwa tamu mpaka Nuruddin, kila alipoonja, alifumba macho kwa uchungu.

"Bai, mwana wenu ametulia," Firoza alimwambia Amtulla. "Kwenye picha nilimwona mzuri, lakini hapa ndipo nimwonapo vyema. Lete kidole, mwanangu."

Parvin alinyoosha mkono. Pete ilikuwa imefika kwenye ukucha.

"Hodi humu ndani!" ilisikika sauti kutoka mlango wa kichochoroni, na kabla hajaitikiwa akaingia mwanamke mwembamba mwenye kanga mbili, vumbi la njia nzima ya kutoka Kaloleni likiwa miguuni mwake. Mkono mmoja ulishika bahasha. Mkono wa pili ulikuwa bado nje ya mlango, maana ulikuwa umeshika shati la mtu.

"Wewe kaa hapo barazani," aliuambia mkono ule. "Usiingie kwa wanawake. Lakini usiondoke!"

"Sidi, mke wangu, nakuapia—" ilisema sauti ya Kitsao nje.

"Nyamaza." Akageuka. "Salaam aleikum, mama zangu. Mniwie radhi, sikujua mna shughuli. Mimi ni Sidi, mke wa huyo aliye nje. Namtafuta bwana wa picha."

Nuruddin aliinuka haraka. "Duka limefungwa, mama. Leo Ijumaa. Rudi kesho."

"Sikuja kupigwa picha, nimekuja kuuliza swali moja tu." Sidi alitazama waliokuwepo, akamwona Firoza ndiye mkubwa wao kwa umri na kwa dhahabu, akamwendea yeye akapiga goti kidogo. "Mama, wewe ni mtu mzima. Nitazamie. Mume wangu aliniletea picha hii." Akatoa picha ya Kitsao peke yake. "Nikafurahi. Nikawaonyesha wanawake kisimani. Halafu karatasi ya nyuma ikabanduka kwa jasho la mkono wangu, nikaikunjua. Nikaona hii."

Akatoa ile yenye doa la manjano.

Firoza aliiweka karibu na macho, halafu akaiweka mbali, halafu karibu tena. Ndani yake mliketi mwanamume mrefu mwenye shati jipya, mkono gotini. Kando yake kabisa, bega kwa bega, alikaa msichana mwenye hariri, ametulia tuli kama bibi harusi, na baina yao hapakuwa na kitu ila mstari mweupe kama uzi. Firoza aliinua macho, akamtazama Parvin. Akaiangalia hariri ya kwenye picha, akaiangalia ya pale kitini. Ushanga ule ule ulikuwa shingoni.

"Ameoa mjini," alisema Sidi. "Amepiga picha ya harusi, kisha akaikata nusu, mimi akaniletea kipande chake. Kwa kusahau akaacha na nzima. Nami nimetoka kwangu na watoto watatu nimewaacha kwa jirani. Nambieni tu, huyu mwanamke yuko wapi nimwone?"

Parvin, kwa kutojua lililo kwenye picha, aliinua kichwa apate kusikia vizuri. Sidi akamwona.

"Mulungu wangu," alisema Sidi. "Kumbe ni wewe!"

Pete ikarudi kutoka kwenye ukucha. Hakuna aliyeona Firoza akiitoa, lakini ilikuwa imesharudi kwenye kiganja chake, na kiganja kimefumbwa.

Ilimbidi Nuruddin aseme kitu. Akili yake, iliyokuwa hodari kwa kugawa vitu viwili viwili, ilikwenda mbio ikarudi mikono mitupu.

"Hiyo ni dawa," alisema. "Dawa ya picha ikichacha hutokeza watu wasiokuwepo. Bombay yametokea mengi."

"Dawa imemtokeza binti yako," alisema Firoza polepole, "na ushanga wake?"

"Dawa ya siku hizi ni kali, Firozabai."

"Bwana Nuruddin, mimi nina mato mawili, na yote mazima." Akaanza kuinuka. Jamaa zake wawili wakaanza kuinuka pia, mmoja wao akijaza halua mkononi kwa safari. "Mwanangu yuko Kisumu, ameiweka picha ya mke wa mtu juu ya sanduku la pesa. Twendeni zetu."

Parvin hakulia. Alimtazama baba yake. Nuruddin alikuwa ameyazoea macho ya wateja waliopunjwa, yalikuwa hayamshtui, lakini haya ya bintiye yalimfika mahali ambapo hakuna kilichowahi kufika. Alijua la kusema. Alijua pia kwamba akilisema, nusu ya kisiwa itamjia kudai nusu ya shilingi tatu zake.

"Pazia," alisema.

"Pazia gani?"

"Hilo pale. Nawapiga picha watu wawili kwa filamu moja. Huyu upande huu, huyu upande ule. Hawaonani. Halafu nakata. Wawili wote hulipa kamili." Maneno yalimtoka kama mtu anayeng'olewa meno. "Binti yangu hakumwona mtu huyu hata siku moja. Nilimkalisha hapa siku tatu akingoja mwanamume wa kujaza upande wa pili, ili filamu isipotee."

Firoza alisimama akimtazama. Kisha akacheka kwa pua.

"Mtu amweke bintiye anayeposwa ubavuni mwa kuli, asipoteze filamu moja? Ungesema jini, ningeamini upesi zaidi. Hakuna baba bahili namna hiyo."

"Yuko!" Amtulla alipiga kelele.

Alikuwa amesimama. Miaka ishirini na mitano ya maneno ilikuwa imemkaa kooni, na sasa heshima ya mwanawe ilikuwa imempa ruhusa.

"Yuko, Firozabai, na ndiye huyo! Uliza nikwambie! Huyu bwana hupasua kibiriti kwa wembe. Huyu bwana alinipa zawadi ya Idi kanga moja, ya pili akairudisha dukani kwa sababu nina mwili mmoja. Taa yangu ya jikoni ameitobolea tundu ukutani, mwanga ule ule umfae na jirani, na jirani humlipa senti tano kwa wiki!"

"Sita," alisema Nuruddin, kwa mazoea.

"Mwambie ya meno, mama," alisema Parvin kwa sauti ndogo.

"Meno! Baba yake mwenyewe alipokufa, aliuliza kama meno ya dhahabu huzikwa na mtu."

"Niliuliza tu," alisema Nuruddin.

"Na posa ya kwanza," Parvin aliendelea, akiwa amesimama sasa na yeye, mashavu yamemwiva, "ilivunjika kwa kukosa sukari, na leo mmekunywa sukari ya mama iliyofichwa chini ya kitanda. Khala Firoza, tazama macho yake kila akionja chai. Nitazamie tu. Baba, onja."

Nuruddin akaonja. Macho yakajifumba yenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuomba kwa moyo wake wote watu waamini kwamba yeye ni bahili, na alishangaa kuona jinsi jambo hilo linavyouma.

Nje, barazani, Kitsao akaongezea kupitia dirishani, mgongo wake ukiwa umeelekea ndani kwa adabu: "Mama, ni kweli. Baada ya picha niliomba maji ya kunywa, akanipa nusu gilasi."

Jamaa mmoja wa Firoza akaangua kicheko, akajiziba kwa halua. Lakini Firoza alikuwa mwanamke wa kutaka kuona.

"Nionyeshe," alisema. "Vuta hiyo shuka yako."

Shuka ikavutwa. Sidi akakalishwa kushoto na Amtulla kulia, kila mmoja akilalamika kwamba hamwoni mwenzake. Nuruddin alikiinua kitambaa cheusi, na Firoza, na dhahabu yake yote, akaingiza kichwa nyuma ya kamera. Kiwiliwili chake tu ndicho kilichoonekana, kikigeuka huku na huku.

"Wamening'inia," ilisema sauti yake kutoka gizani. "Mbona wamening'inia kama popo?"

"Kioo hugeuza, Firozabai. Hebu tazama, wako wangapi?"

"Wawili. Bega kwa bega." Kiwiliwili kikainama zaidi. "Sidi, mwanangu, wamwona mamake Parvin?"

"Naona shuka tu, mama. Ina kiraka."

"Na wewe Amtulla?"

"Shuka. Na kiraka ni cha kanga yangu."

Tumbo la Firoza lilianza kutikisika. Alipotoka chini ya kitambaa alikuwa na machozi ya kucheka, na nywele zimemtoka chini ya mtandio. Alimwendea Parvin, akamshika mkono bila kuombwa, akaisukuma pete mpaka mwisho wa kidole.

"Maskini mwanangu," alimwambia. "Kumbe ulikuwa ukiolewa kwa mbio. Hata mimi ningekimbia."

Sidi naye alikuwa ameamini. Alitoka hadi barazani, akamwachia mumewe shati, akalinyoosha kwa kiganja pale lilipokunjamana, na hiyo ndiyo ikawa radhi. Kisha akarudi ndani.

"Sasa bwana picha," alisema, "tumalize letu."

"Nitakurudishia shilingi moja na nusu," alisema Nuruddin upesi, na hapo ndipo mkewe alipojua kweli amevunjika.

"Sitaki pesa. Kisimani wameshaiona picha hii yenye doa. Kaloleni nzima yasema Kitsao ameoa Mhindi. Nikirudi niwaambie palikuwa na pazia, wataniamini? Hata huyu mama hakuamini mpaka alipoingia kwenye sanduku. Nataka picha yangu mimi na mume wangu, tumeketi hapahapa, mbele ya bata hawa, bila pazia. Hiyo ndiyo itakayowanyamazisha."

Nuruddin alikuwa na filamu moja. Mjini hapakuwa na nyingine. Alikuwa amezunguka kutoka Makadara hadi Makupa, akaambiwa asubiri meli, na meli haijulikani kama iko juu ya maji au chini. Filamu hiyo moja alikuwa ameifunga kwa karatasi nyeusi, akaitia kwenye mkebe, akaandika juu yake jina la Parvin. Ilikuwa ya harusi. Kwa filamu hiyo, na filamu hiyo peke yake, alikuwa ameshajiapia kwamba hatatia pazia.

Aliwaeleza hivyo, kwa kifupi, akiangalia chini. Firoza akatazama pembeni, kwa sababu yeye pia aliitaka picha ya harusi. Sidi hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa tu na njia ndefu ya kurudi na watu wengi wa kupita mbele yao.

"Baba," alisema Parvin, "wapige."

"Na yako?"

"Mimi nimekwisha jua naolewa na nani. Wa Kaloleni ndio hawajui."

Kitsao aliitwa ndani. Aliingia akitazama sakafu, akamsalimia kila mtu bila kumwona yeyote, akakaa kushoto kwa mazoea. Sidi akakivuta kiti chake mpaka kikagongana na cha mumewe. Nuruddin akaifungua ile filamu kwa mikono isiyotaka kufungua. Alipokwisha kujifunika kitambaa, aliwaona wamejaa kioo kizima, hapana ukuta uliobaki wa kusikitikia.

"Tulia," alisema. "Usipumue."

Sidi alipumua. Akacheka, tena, meno yote nje. Lakini picha ilitoka safi, kwa dawa mpya, na nyuma yake Nuruddin akaweka karatasi ngumu ya senti kumi.

Harusi ilikuwa Jumapili asubuhi, katika ua wa nyumba ya Firoza, Kuze. Kasam alifika kwa gari la moshi kutoka Kisumu siku mbili kabla, akiwa mfupi kidogo kuliko alivyotazamiwa na mcheshi kuliko alivyotazamiwa, na jambo la kwanza alilomwuliza baba mkwe wake ni kama ni kweli kuhusu meno.

Baada ya nikahi watu walianza kusema picha, picha. Nuruddin alikuwa ameileta kamera, na waliojua habari ya ile filamu ya mwisho wakadhani meli imeleta nyingine. Aliisimamisha kwa miguu yake mitatu katikati ya ua, akapanga viti, akapanga watu, akawasogeza warefu nyuma na watoto mbele, akanyoosha pindo la nguo ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Hakutundika shuka. Parvin na Kasam aliwaketisha katikati.

Kisha akaingia chini ya kitambaa cheusi, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwenye kioo Parvin alikuwa amegeuzwa juu chini, mdogo, mwekundu wa hariri, akicheka jambo aliloambiwa na mumewe. Nuruddin alikuwa amemtazama binti huyu miaka ishirini na mitatu, na mara zote alikuwa akihesabu kitu: maziwa, viatu, yadi za kitambaa. Sasa hakikuwepo cha kuhesabu. Alimpenda sana, na ilimuuma kwamba hakujua kulisema.

"Tulia," alisema. "Usipumue."

Kamera ikalia *tak*. Parvin peke yake, kati ya watu wote wale, alijua kwamba ndani yake hamna filamu, maana mkebe wenye jina lake aliuona mtupu asubuhi ile. Alitulia. Hakupepesa hata jicho.

Nuruddin akabonyeza tena. Aliwapiga maharusi peke yao, halafu na mama zao, halafu na wale jamaa wawili wanene, halafu Parvin peke yake akiwa amesimama, ameketi, ametazama huku, ametazama kule. Mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kumbonyezea mteja mara mbili alibonyeza mara kumi na saba. Watu waliojua habari zake walitazamana. Leo Nuruddin amekuwa mkarimu, walinong'ona, hebu tazameni, amwaga filamu kama maji. Amtulla alianza kumwonea huruma, kisha akaona mumewe anafuta uso kwa kile kitambaa cheusi, akageuka pembeni amwache.

Alipokuwa akikunja miguu ya kamera, Firoza alimjia na sahani ya pilau.

"Ahsante, bwana Nuruddin. Leo umetutendea haki. Picha zitakuwa tayari lini?"

Nuruddin alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa akipanda gari na bado amegeuza shingo kumwangalia.

"Vita vikisha, Firozabai," alisema. "Inshallah, vita vikisha."